Nimeitwa chuo Eldoret, na mimi ndiye ninayemdunga Bibi sindano

MjukuuWaKibokoni:
Assalaam aleikum wenzangu. Tangu jana usiku naandika na kufuta, leo naandika mpaka mwisho.

Nina miaka 19. Nimeitwa Moi University, Eldoret, kusomea uuguzi, miaka 4. Kwetu Kibokoni, Mombasa, tuko watu 11 nyumba moja: Bibi, mjomba na mkewe na watoto wao 4, mama mdogo, mimi na wadogo zangu 2. Mamangu yuko Maskati, huu mwaka wa 6.

Nyumba inasimama kwa mahamri. Baada ya isha nakanda unga kilo 6 kwa tui na iliki, saa kumi alfajiri niko kwenye karai. Wanaotoka msikitini hununua wakipita, saa moja na nusu sinia ni tupu. Mbaazi ni za mke wa mjomba, hizo hazigusi mtu.

Bibi ana sukari. Tangu nina miaka 13 mimi ndiye ninayemdunga insulini, asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya chakula. Muuguzi mmoja alinifundisha, akashika mkono wangu ndani ya mkono wake mpaka nikaacha kutetemeka. Siku ile nilijua nataka kazi gani. Umeme ukipotea, chupa ya dawa tunaifunga kwenye mfuko tunaitia ndani ya mtungi, hukaa baridi.

Bibi hajasema nisiende. Laiti angesema, ningejua la kumjibu. Alisema tu, “Mmoja keshanitoka kwa ndege, na huyu atanitoka kwa treni,” akarudi kuchambua mchele wake. Mjomba anataka niombe uhamisho, nisome chochote chuo cha hapa hapa. Si mtu mbaya. Karo yangu ya sekondari alilipa yeye, na mwaka wa mwisho aliuza pikipiki yake. Ndiyo maana siwezi kushindana naye.

Mliotoka nyumba kama hizi, mliaga vipi?

FundiWaTudor:
Waaleikum salaam dadangu. Mimi nilibaki. Mwaka 1998 niliitwa Nairobi, babangu akaanguka kazini akavunjika nyonga. Nikachukua umeme Mombasa Polytechnic, hiyo ambayo sasa ni Technical University of Mombasa. Nikenda kwa miguu, nikirudi kula nyumbani. Babangu nilimuogesha, nilimlisha, nilimzika, na siku zile sizibadilishi na cheti chochote.

Lakini umeme sikuutaka. Nilitaka kuchora majengo. Nina miaka 46, na hadi leo nikipita penye jengo linaloinuka nasimama nalitazama mpaka mtu ananiita. Chuo cha hapa kikiwa na kozi yako, baki, si aibu hata kidogo. Ukiambiwa “chochote”, usikubali.

MamaWaLikoni:
Mwanangu, mimi ni muuguzi, mwaka wa 17 huu. Nilisoma bara.

Kwanza sindano, maana hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Nyumba ya watu 11 na anayejua ni mmoja? Hata ungeolewa mtaa wa pili, hata ungeshikwa na homa wiki moja, Bibi angekuwa hatarini. Mfundishe mtu leo, usingoje wiki ya safari. Asidunge pale pale kila siku. Azungushe, leo tumbo, kesho paja, kwani ngozi ikidungwa mahali pamoja hufanya uvimbe na dawa haiingii sawa. Asidunge kama chakula hakijawa tayari. Na azijue dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, maneno kuchanganyika. Hapo ni maji ya sukari upesi maadamu Bibi anaweza kumeza. Akiwa hajitambui asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Yaandike yote kwa herufi kubwa, ubandike kwenye mlango wa friji.

Sasa safari. Treni kutoka Miritini hadi Nairobi ni kama masaa 5 au 6, daraja la kawaida 1,500 tangu Januari 2024. Ukishuka, bado una basi la kilomita 300 na kitu. Eldoret iko juu, zaidi ya mita 2,000. Baridi yake si hii yetu ya kusi, hiyo inaingia mifupani.

Mwaka wangu wa kwanza nililia, sikufichi. Kila Ijumaa baada ya swala nilipiga simu, mamangu akaiweka kando ya sinia ya pilau na kila mtu akasema yake kwa pamoja. Sikuwa nasikia neno. Zile kelele ndizo zilizonifikisha Ijumaa nyingine.

KakaMajengo:
Hao wadogo zako 2 wana miaka mingapi? Dada yetu alipokuwa chuo, mimi na ndugu yangu tulisukuma chapati za mamangu miaka 3. Mtaa ulitucheka wiki moja, ukazoea.

MjukuuWaKibokoni:
Nimerudi baada ya siku 9. Shukrani nyote, Mama wa Likoni zaidi.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 15. Nilimfundisha kwanza kwa chungwa, kisha Bibi mwenyewe akasema ajaribu kwake. Alimwinulia kanga pembeni ya tumbo, akafumba macho. Kijana alihesabu kwa sauti mpaka 10 ndipo akachomoa, kama nilivyomwambia. Bibi akafumbua macho akasema, “Mkono wake mwepesi kuliko wako.” Nilicheka, kisha nikaenda uani nikalia peke yangu.

Mahamri, mama mdogo amesema atakanda yeye, lakini kilo 4, si 6. Hiyo kilo 2 ni pesa, na mjomba kaihesabu mbele yetu sote. Bado hajasema ndiyo. Mamangu atampigia Ijumaa, wao ni ndugu, nimewaachia.

Jana usiku Bibi aliniuliza kama huko Eldoret watu hulala na soksi. Mama wa Likoni, sweta nzito ya mtumba nitapata Kongowea, au nisubiri ninunue huko huko?