DAC ya 192 kHz au nibaki na yangu ya 96? Na hii ya kupandisha sampuli inasaidia kweli?

MtuWaNyegezi: Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa wa Kirumba hapa Mwanza ananiuzia DAC ya USB (kidude cha kugeuza muziki wa kidijitali kuwa sauti ya kwenda kwenye spika) inayofika 192 kHz, yaani sampuli 192,000 za sauti kwa sekunde, kanipa mpaka Jumamosi. Niliyonayo inaishia 96. Nasikia ukipandisha sampuli, yaani kuongeza idadi yake kwa sekunde, kwenye laptopu kabla wimbo haujafika kwenye DAC muziki unafunguka. Nichukue?

FundiIgoma: Mkuu mbona hujasema kitu. Nyimbo zako ni FLAC (zisizopoteza kitu) au MP3 (zilizokatwa ili zipungue ukubwa)? Spika gani? Bila hivyo tunapiga ramli tu.

SatoMbichi: Chukua. Mimi natumia programu ya foobar2000 ya kupigia muziki na SoX ya kupandisha sampuli, CD za 44.1 kHz nazipeleka 176.4, mara nne kamili, siyo 192. Matoazi yanatulia, hayachomi tena.

FundiIgoma: Hiyo ya mara nne kamili haina uzito, SoX inapiga hesabu vizuri hata kwenda 192. Halafu chipu nyingi za DAC zinapandisha zenyewe humo ndani, kwa CD mara nane ni kawaida. CD inabeba masafa ya sauti mpaka 22.05 kHz, nusu ya ile 44.1 ya sampuli, sikio linaishia kwenye 20, na umri ukienda linashuka. Ukipandisha hupati sauti mpya, unaipa tu filta (kichujio cha kukata masafa ya juu yasiyotakiwa) nafasi ya kukata taratibu.

SatoMbichi: Sasa si ndiyo hiyo filta ninayoisema! Laptopu ina nguvu ya kupiga filta ndefu kuliko kachipu ka DAC.

KandaMbili: Ndugu yangu nisikilize mimi yalinikuta. Nilikuwa na rumba za marehemu baba, MP3 za kbps 128, nikazigeuza zote kuwa WAV (faili zisizobanwa) za 192 kHz biti 24, wimbo wa dakika nne ukatoka MB 4 ukawa MB 276, harddiski ikajaa, nikafuta zile za mwanzo nikijua ninazo bora zaidi. Sikushusha sauti hata desibeli 3 kabla ya kugeuza, basi kila tarumbeta ikipanda inapasuka krrr, na mpasuko umeshaingia kwenye faili, hautoki. MP3 ya 128 kwa kawaida imeshakatwa juu ya 16 kHz, kilichokatwa hakirudi. Pandisha wakati wa kupiga tu, faili usiliguse.

DadaPasiansi: Samahani naingilia, mbona nikichomeka chaja ya laptopu spika zinaunguruma mmmm, nikichomoa kimya?

FundiIgoma: Dada hiyo ni ethi (waya wa umeme wa kwenda ardhini). Laptopu na amplifaya chomeka kwenye ekstensheni moja, na fundi umeme akupimie ethi ya nyumba. Mleta mada nawe angalia Windows, ukiwa umeiseti 48 kHz inabadilisha sampuli kimyakimya, tumia WASAPI eksklusivu, njia ya kupeleka muziki moja kwa moja kwenye DAC bila Windows kuugusa.

MtuWaNyegezi: Samahani wakuu nilikuwa kazini. Nyingi ni MP3 za kurushiwa WhatsApp, spika ni sabufa ya kawaida. Zingine nilizirekodi kwa simu kutoka kanda za mzee.

FundiIgoma: Hela ya DAC weka kwenye spika.

SatoMbichi: Spika atanunua baadaye, DAC ya bei hiyo hairudi.

KandaMbili: Bei yenyewe hata hajaitaja. Kanda bado unazo?

MtuWaNyegezi: Zipo kama 40 kwenye boksi la biskuti, ila deki ya kuzipigia mkanda wake wa mpira wa kuzungushia umelegea, inavuta sauti kama mtu mwenye usingizi.

KandaMbili: Usizipige hivyo, itakutafunia! Wakuu, nani anajua wanapouza mikanda ya deki pale Makoroboi?