Filamu ya Kirusi ya mwizi mwenye baridi yabisi, inaitwaje?

Kijana wa Pasua: Wakuu naombeni msaada. Mzee wangu alisoma Moscow miaka ya 80, kuna filamu ya vichekesho alikuwa anatuhadithia sana, mwizi kaingia ndani usiku kamwelekezea mwenye nyumba bastola, mikono juu! jamaa ananyanyua mmoja tu anasema huu mwingine haupandi una baridi yabisi, kumbe na mwizi naye anayo hiyohiyo, basi wanaanza kuulizana dawa. Sasa mzee mwenyewe bega limekataa, na hii baridi ya Julai hapa Moshi ndo kabisa, asubuhi mama anamshikia mkono wa sweta ndo aupitishe, anacheka anasema "kama yule mwizi". Jina halikumbuki. Nataka aione tena.

Kahawa Chungu: Hiyo ni Delovye lyudi ya 1962, kaongoza Leonid Gaidai, studio Mosfilm. Mwizi ni Yuri Nikulin, mwenye nyumba Rostislav Plyatt. Ila hadithi zenyewe si za Kirusi, ni za Mmarekani O. Henry, Gaidai kachukua 3 fupi kaziunga. Nikulin alitokea kwenye sarakasi, ndo maana hata akinyamaza uso wake unaongea. Mosfilm wameweka filamu zao nyingi za zamani YouTube bure, tafuta kwa herufi zao: Деловые люди

Sakina Juu: Ya tatu ndo funga kazi! Jamaa wawili wanamteka mtoto wa tajiri wadai hela, kumbe wamejibebea balaa, dogo anawapelekesha mpaka baba anawajibu mnilipe nyie ndo nimchukue, na wanalipa kweli. Ya kwanza si ya kucheka sana, majambazi wawili wamebaki na farasi mmoja, mmoja anampiga mwenzake risasi eti Bolivar hawezi kubeba wawili. Warusi hadi leo wanaitumia kama methali, mzee lazima anaijua

Kijana wa Pasua: Asanteni sana, nimeipata. Nilipomtajia Bolivar tu akamalizia kwa Kirusi kabla sijafika mwisho! Jana usiku ile ya mwizi tumeirudia mara mbili, mama Kirusi hajui hata neno, ila pale wale wawili wanapotoka zao kwenda kunywa alimgeukia mzee akamvutia sweta begani.