Plagi ya pasi inaungua upande mmoja tu. Shida ni pasi au soketi?

MpangajiKondele
Habari zenu mafundi. Pasi ni ya wati 2000, nyumba ni ya kupanga hapa Kondele. Nikishapiga nguo tatu nne plagi haishikiki kwa moto, na plastiki kando ya mguu wa kulia imegeuka kahawia. Fyuzi ni ya ampia 13, na haijakatika. Nibadilishe nini?

WayaMbili
Kwanza usiichomeke tena. Wati 2000 kwa volti 240 ni ampia 8.3 hivi, mzigo mdogo kwa plagi ya 13. Joto linatoka mahali waya unaposhikana na chuma. Skrubu ikilegea, hapo pekee panaweza kutoa wati 7 za joto, na fyuzi haitajua kitu, maana mkondo haujazidi.

Plagi iliyobadilika rangi tupa, vishikio vya fyuzi vikishapata moto hulegea. Kata waya mpaka ufikie shaba inayong'aa. Plagi mpya ikiwa wazi, mguu mrefu juu, miguu ikielekea mbali nawe: kahawia kulia penye fyuzi, bluu kushoto, kijani-manjano juu. Skrubu ikaze shaba, isikaze plastiki (kosa hili liko kila mahali). Vuta kila waya uone kama unatoka. Wa kijani uache mrefu kidogo, ili plagi ikivutwa uchomoke wa mwisho. Kibano kishike ganda la nje la kebo.

Stima_Nakuru
Na soketi je? Kama imeungua ndani, plagi mpya itafuata njia hiyo hiyo. Ukiifungua zima meiniswichi. Swichi ya soketi kwa kawaida hukata laivu (waya unaoleta stima) peke yake, na kama waya ziligeuzwa, soketi "iliyozimwa" bado ina stima. Testa ijaribu kwanza mahali penye stima, ujue ni nzima.

MpangajiKondele
Nimefungua. Tundu la kulia ni jeusi. Nyuma kuna nyekundu mbili na nyeusi mbili, lakini kijani ni moja, imekunjwa tu, haijafungwa popote. Mbona TV inawaka vizuri hapo?

Stima_Nakuru
Mbili mbili ni kawaida, stima inapita hapo kwenda soketi nyingine. Nyekundu ni laivu na nyeusi nyutro (waya wa kurudisha stima), rangi za zamani. TV inawaka kwa sababu soketi hufanya kazi bila arthi, yaani ule waya wa kijani wa kupeleka stima ardhini. Siku laivu itagusa chuma cha pasi, njia ya kwenda ardhini ni wewe.

Usiifunge hiyo kijani ukadhani umemaliza, huenda kule mwisho haifiki kwenye nondo ya arthi, na testa ya bisibisi haikuonyeshi hilo. Mwenye nyumba alete fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati na petroli), apime arthi kwa mita, abadilishe soketi, na kama hakuna RCD (swichi inayokata stima ikivuja) ya miliampia 30 aweke. Kwa sasa rudisha kifuniko, zima breka ya soketi, kisha uwashe meini ubaki na taa.