Aliniomba nisiripoti ajali, sasa ananiambia "huna ripoti, hunidai"

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Jamaa kanigonga kwa nyuma kwenye foleni, gari langu limesimama kabisa. Kashuka anatetemeka, ananisihi tusiite polisi wala tusihusishe bima, eti ada yake ya bima itapanda, atagharamia matengenezo yote mwenyewe. Usiku akanitumia ujumbe: "Peleka kwa fundi, niletee makadirio, nitalipa." Ujumbe ninao.

Makadirio yamemfikia, kageuka. "Ile ilikuwa mikwaruzo tu. Kama uliharibikiwa kweli, mbona hukuripoti?" Yaani ombi lake mwenyewe ndilo ngao yake leo!

Bampa za magari ya siku hizi ni plastiki. Ikigongwa kwa mwendo mdogo inabonyea halafu inajirudi, kwa nje unabaki mkwaruzo. Hasara iko ndani. Fundi alipoifungua alikuta sponji ya kupunguza mshindo imevunjika vipande, chuma kilicho nyuma yake kimepinda, klipu za upande mmoja zimekatika, na bodi chini ya mlango wa buti imejikunja. Ndiyo maana buti halifungi mpaka ulibamize. Na huyu bwana anataka tupulizie rangi juu ya uozo huo, yaishe! Akigongwa mtu tena hapo nyuma, hakuna cha kupokea mshindo.

Sasa anadai ni ubovu wa zamani. Chuma kilichopinda zamani, rangi ikishabanduka, hushika kutu, na nyufa zake hujaa vumbi na tope. Hapa rangi imepasuka kwenye mkunjo na chuma kinang'aa. Rangi ya gari lake imebaki kwenye bampa langu, kimo kilekile cha bampa lake la mbele. Picha nilipiga palepale kabla magari hayajasogezwa, namba zote mbili zinasomeka, na muda umehifadhiwa ndani ya picha. Mlango wangu una mkwaruzo wa zamani. Nilimwambia fundi asiuandike, na haumo kwenye makadirio. Sitafuti gari jipya kwa mgongo wa mtu.

Kinachonichoma zaidi ni kuzungushwa. Kampuni za bima hutaka taarifa mapema, na ukichelewa wanaweza kukukatalia madai. Kila "nipe wiki hii" yake ilikuwa inanifungia mlango huo. Nimeshawaandikia bima yangu, nimeeleza kila kitu kilivyotokea na kwa nini nimechelewa. Yeye pia nimemwandikia, barua yenye tarehe na makadirio, si simu tena.

Jibu lake? Analeta nusu ya pesa na karatasi nisaini kwamba sina dai lolote tena. Sisaini. Bodi bado haijanyooshwa, na fundi akikuta kingine huko chini nitamdai nani?

Ripoti ya polisi ni ushahidi mmojawapo, haiamui peke yake nani kamgonga nani. Waliowahi kufikisha dai la namna hii mahakamani wakiwa na picha, ujumbe na makadirio tu, nielezeni hakimu alitaka nini zaidi. Bampa, sponji na kile chuma nimemwambia fundi asitupe hata kipande. Akitaka kubisha, aje na fundi wake avikague.