Bezi ya baa inatetemesha dirisha usiku kucha, trei za mayai hazijasaidia

mpangaji_kisauni:
Habari zenu. Niko Kisauni, Mombasa, ghorofa ya pili. Baa iko ng'ambo ya barabara, kama mita 40 kutoka dirishani. Ijumaa na Jumamosi muziki ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa nane. Maneno ya wimbo hayasikiki vizuri, ni ile dum dum tu, na vioo vinatetema. Nimebandika trei za mayai ukuta wote wa upande ule na sioni tofauti. Simu inapima desibeli 44 hadi 46 nikiwa chumbani. Madirisha ni ya luva, chumba kina urefu wa mita 3. Nizibe kwa nini? Na nikitaka kulalamika naanzia wapi? Mwenye nyumba anasema hayamhusu.

fundi_mwangwi:
Zibandue kabla mende hawajahamia. Trei ya mayai hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba mle ndani, basi. Kinachozuia sauti kupita ni uzito: ukiongeza uzito wa kizuizi mara mbili unapata kama desibeli 5 au 6. Wimbi la hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde, yaani bezi) lina urefu wa karibu mita 5.7. Karatasi ya unene wa vidole viwili haina habari nalo.

Isitoshe, ukuta si tatizo lako. Tatizo ni luva, maana vioo vyake havibani hata ukivifunga. Ukuta ukiwa na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, wote kwa jumla hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata uwe wa zege. Ukiwa na pesa, weka dirisha la pili kwa ndani: kioo cha milimita 6, fremu ya alumini yenye raba pande zote, silikoni kati ya fremu na ukuta, liwe mbali na luva angalau sentimita 10. Sauti za juu zitashuka sana. Bezi itapungua kidogo tu, nisikudanganye. Na kwa joto la Mombasa, chumba kilichozibwa hivyo hakilaliki bila AC, kwa hiyo piga hesabu ya umeme kwanza.

Kuna jambo la bure. Chumba cha mita 3 huvuma chenyewe karibu na hezi 57, pale pale inapopiga ngoma ya muziki wa dansi. Mvumo huo ni mkali ukutani na kwenye kona, na hafifu katikati ya ule urefu wa mita 3. Sogeza kitanda kichwa chako kiwe katikati. Kama kwa sasa unalalia kona, utasikia tofauti usiku huo huo.

baba_spika:
Mimi ningeanza na baa yenyewe, tena si kwa kumwambia mwenye baa "punguza sauti." Akisikia hivyo anaona unamfukuzia wateja. Mwombe vitu vitatu vinavyotajika. Sabufa (spika ya bezi) itoke kwenye kona, kwa sababu kona peke yake inaweza kuongeza desibeli 6 au zaidi za bezi. Kuanzia saa nne usiku, dijei akate hezi 40 hadi 80 kwenye ekolaiza kwa desibeli 6 hadi 10. Wanaocheza bado watasikia ngoma, kwa kuwa mlio wa fimbo ikigonga ngoma ni mwembamba zaidi, haukatwi. Badala ya spika mbili kubwa zinazolazimika kufikia meza ya mwisho, aweke ndogo sita karibu na meza.

Kugeuza sabufa ielekee upande mwingine hakusaidii, bezi huzunguka kila mahali. Paa la makuti nalo halizuii kitu. Mara nyingi makubaliano huvunjika kwa sababu dijei hubadilika kila wiki na wa leo hajui alichoahidi wa juzi. Dawa ni limita (kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango kilichowekwa) iliyofungiwa kwenye kisanduku, ufunguo akae nao meneja.

dada_wa_sheria:
Kaka, upande wa sheria Kenya iko wazi. Kanuni za kelele na mitetemo za 2009, chini ya sheria ya mazingira (EMCA), zinaweka desibeli 35 usiku ndani ya nyumba za makazi na 45 mchana. Usiku wa kanuni hizo ni saa 2:01 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kudhibiti kelele ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hiyo anza na idara ya mazingira ya kaunti, nakala uipeleke ofisi ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Barua iwe na sahihi za wapangaji kadhaa. Iambatane na daftari: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuisha, chumba gani. Barua ya "wanapiga kelele kila siku" haina pa kushikwa. Jambo linaloharibu kesi nyingi ni afisa kuja Jumanne asubuhi, akakuta wanafagia. Andika kwenye barua kwamba kipimo kichukuliwe Ijumaa kati ya saa nne na saa sita usiku, tena ndani ya chumba chako, si langoni mwa baa. Fuatilia pia lini leseni yao ya pombe inaombwa upya, kwani wakazi wanaweza kuweka pingamizi. Mwisho kabisa ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu cha 70 cha Katiba hakikudai uthibitishe kwamba umepata hasara.

mpangaji_kisauni:
Asanteni. Lakini 44 hadi 46 dhidi ya 35, si watasema hiyo ni tofauti ndogo?

fundi_mwangwi:
Simu inakuonea. Inapima kwa mizani ya A, inayoiga sikio la binadamu, ambayo kwenye hezi 63 huondoa desibeli 26. Bezi ya 70 inaandikwa 44. Maikrofoni ya simu nayo ni dhaifu huko chini, kwa hiyo huenda ukweli ni mbaya zaidi. Jedwali la kanuni hizo lina safu nyingine, NR, ambayo usiku ni 25. Hiyo hukagua kila bendi ya sauti peke yake, na kwenye hezi 63 inaruhusu kama desibeli 55 tu. Mwambie afisa aje na mashine inayopima kwa bendi za oktava (kila kundi la sauti, nzito hadi nyembamba, peke yake), na aandike namba ya hezi 63 kwenye ripoti.

dada_wa_sheria:
Na aandike namba ya mashine na tarehe ya cheti chake cha urekebishaji, kinachothibitisha kwamba inapima sawasawa. Wakili wa baa huanzia hapo.