Brashi, nibu au tableti: kipi kwa mchora vibonzo anayetaka kazi za kila aina?

Kibokoni_Wino: Salaam wana jukwaa. Tulinganishe zana kwa mchoraji wa hapa Mombasa anayelenga katuni ya gazeti, kitabu cha hadithi na mabango. Aanze na ipi?

Nibu_ya_Tudor: Nibu, ile ncha ya chuma ya kalamu ya kuchovya wino, bila kusita. Ukiikandamiza meno yake mawili yanaachana na mstari unanenepa. Ukilegeza unakuwa uzi. Nibu mpya imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, ioshe kwa sabuni kwanza, la sivyo wino unajikusanya matone na kudondoka juu ya karatasi. Hewa yetu ya chumvi nayo haina huruma. Nibu ikilala na wino hupata kutu, ikaanza kukwaruza. Na masika karatasi hunywa unyevu, mstari ukatoa vimizizi pembeni. Funga karatasi ndani ya mfuko wa plastiki.

MamaMabango: Nibu kwa nywele na matofali, sawa. Kivuli kipana kinataka brashi ya duara, namba 2 au 3. Mtazameni Jean Giraud wa Ufaransa: Blueberry, hadithi ya magharibi ya Marekani, aliichora kwa brashi na kutia saini Gir, kwenye hadithi za kisayansi akashika nibu na kujiita Moebius. Akibadili zana, mkono nao unabadilika. Huo ndio wepesi tunaoutafuta.

Likoni_Pikseli: Kwa gazeti, tableti ya kuchorea kidijitali. Mhariri akitaka sura irekebishwe saa kumi jioni, wino hauna la kufanya. Ila fungua faili kwa ukubwa wa kuchapwa tangu mwanzo: nukta 600 kwa inchi kwa mistari myeusi, 300 kwa rangi. Ukianza na 72 kisha ukikuza, mstari unatoka ngazi ngazi. Tena buluu kali ya kwenye kioo huelekea zambarau ikichapwa, kwa hiyo punguza majenta, ule wino wa waridi iliyokolea. Maneno yawe ya wino mweusi peke yake. Ukichanganya rangi nne za uchapaji, sahani ya kuchapia ya rangi moja ikisogea kidogo tu herufi zinapata kivuli.

Kibokoni_Wino: Na kitabu?

MamaMabango: Changanya, ndugu yangu. Penseli na wino usioharibiwa na maji kwenye A3, skani kwa 600, rangi upake kwenye tableti. Usifute penseli mapema. Kwa unyevu huu acha ukurasa ulale usiku kucha, maana wino mzito juu hukauka ngozi tu na chini bado mbichi.

Nibu_ya_Tudor: Hapo nakubali. Na ufute kwa kifutio laini cha kufinyanga, kile kigumu hung'oa weusi.