Ugoko unauma: mkimbiaji aendelee au asimame?

mbio_ndefu:
Wakuu, mkimbiaji anayejiandaa kwa kilomita 21 za Moshi amepanda kutoka km 25 hadi 40 kwa wiki, ndani ya wiki mbili tu, karibu zote kwenye lami. Ugoko unamuuma upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Akianza mbio unauma, mwili ukipata joto unatulia, asubuhi unarudi. Ni uchovu wa mazoezi au ni mfupa?

tabibu_viungo:
Uchovu wa mazoezi huwa kwenye nyama, hukolea kati ya saa 24 na 72, kisha huisha wenyewe. Huo hapo ni mfupa.

Apapase ukingo wa ndani wa ugoko kwa kidole gumba, polepole, kuanzia kifundoni kwenda juu. Ukiuma kwa urefu wa sentimita 5 au zaidi, kwa kawaida ni mfupa na utando wake vimezidiwa na mzigo. Ukiuma padogo, pa kufunikwa na ncha ya kidole, au ukimuuma usiku amelala, achukulie mfupa umeingia ufa: asikimbie tena, aende hospitali. Wiki mbili tatu za mwanzo eksirei mara nyingi haioneshi ufa. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huuona mapema. Ufa wa mbele ya ugoko, katikati, ndio wa kuogopwa zaidi. Hupona kwa shida na mfupa unaweza kukatika kabisa.

kocha_wa_lami:
Kama ni ule wa sentimita 5, apunguze mbio hadi maumivu yasizidi 2 kati ya 10, na asubuhi yasiwe yameongezeka. Hata hapo akishindwa, baiskeli au kuogelea.

Siku tatu kwa wiki ainue visigino: seti 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka, na 3 nyingine limekunjwa kidogo. Hizi za pili wengi huziruka, na ndizo zinazoujenga msuli wa ndani wa shavu la mguu. Akirudi mbioni: dakika 1 kukimbia, 1 kutembea, mara 10, siku moja ndiyo siku moja hapana. Afupishe hatua pia. Anayepiga hatua 160 kwa dakika alenge 168.

tabibu_viungo:
Naongeza: asimeze diklofenaki ndipo akimbie. Inaficha maumivu ambayo yangemsimamisha, na mwili ukipungukiwa maji inaumiza figo. Na kama ni mwanamke, si mjamzito, na hedhi imekatika miezi mitatu, aangaliwe chakula kwanza. Huenda anakula kidogo kuliko anachochoma, na mfupa wa namna hiyo visigino peke yake havitauponya.